Kidogo

Nalipwa kwa saa, si kwa neno,
ila maneno ndiyo yanayonichosha.
Kiwanda cha kufuma vitambaa, viungani mwa Yazd,
mitambo kumi na sita, mmoja mgonjwa,
na fundi Detlef Harms katumwa kutoka Wuppertal
na sanduku la vyuma na siku nne.

Siku ya kwanza Bwana Mehrizi alimuuliza
habari za safari, za watoto, za mvua ya kwao.
Chai ikaja, ikaja tena, na vitamutamu vya hiliki.
Fundi akatazama saa.
"Mwambie nimekuja kuona mashine."
Nikasema: Ukarimu wenu umemlemea,
ana hamu ya kuiona kazi ya mikono yenu.
Bwana Mehrizi akaweka kiganja kifuani.
Fundi akanikazia macho: mbona imekuwa ndefu?
Kiajemi ni kirefu, nikamjibu.

Hivyo ndivyo ninavyokula mkate wangu.
Huyu akisema, "Mjinga gani aliyepaka mafuta haya?"
mimi nasema, Anauliza kama kuna mafuta mengine.
Yule akisema, "Mbele yako hakina thamani, chukua,"
akinyoosha kitambaa cha kazi ya miezi mitatu,
na fundi, maskini, akakikunja,
akakitia begini, akasema asante!
Nilimkimbilia hadi kwenye ngazi:
Rudisha. Kataa mara tatu. Ya nne, uliza bei.
"Kwa nini yeye asiitaje bei?"
Na wewe, kwa nini humuulizi habari za nyumbani?

Alirudisha. Kesho yake akauliza, Mama hajambo?
kwa sauti ya mtu anayesoma mita ya umeme.
Mama alizikwa majira ya baridi. Sikujua.
Karani aliinamia daftari lake.
Bwana Mehrizi akatabasamu: "Hajambo, anakusalimu."
Hilo nililitafsiri neno kwa neno.

Siku ya tatu, saa nane mchana,
fundi yuko chini ya mtambo, inaonekana miguu tu.
Akafoka: "Mtu asiguse swichi!"
Ukali ule, mbele ya watu wote,
na kijana Yadollah amesimama palepale
kavaa shati alilonunua kwa ajili ya mgeni.
Mimi ndiye niliyeona haya.
Nikasema: Samahani, ikiwezekana, tusubiri kidogo.

Kidogo.
Kwetu kidogo ni muda wa kunywa maji.
Yadollah alikunywa maji, akarudi, akawasha.

Na kilichokatika kilikuwa kidogo pia:
pingili moja, ya kidole cha mwisho, mkono wa kushoto.

Hospitalini Bwana Mehrizi alilia ukumbini bila kujificha,
pistachio zinamwagika kwenye mfuko wa karatasi.
Fundi hakulia. Aliniuliza mimi:
"Ulimwambia nini hasa?"
Nikamwambia. Sikupunguza, sikuongeza,
na Kijerumani changu kikawa kifupi mno.
Akanyamaza. Ukimya wao siujui,
sijui kama ni mlango au ni ukuta.
Kisha: "'Usiguse' mnasemaje?"
Dast nazan.
"Dast nazan," akafoka,
na nesi aliyekuwa akimfunga bendeji
akaondoa mikono yote miwili.
"Linafanya kazi," akasema, akifumba macho.

Kwenye fomu niliandika saa thelathini na mbili.
Hakuna safu ya lile neno.

Asubuhi ya kuondoka, kitambaa kilekile mezani.
"Mbele yako hakina thamani."
Fundi akakataa, mkono wenye bendeji kifuani.
Akakataa tena.
Akakataa ya tatu, vizuri kabisa, hata karani akaguna.
Bwana Mehrizi hakutabasamu.
Akasema tu: "Chukua."

Fundi akanigeukia.
"Hii 'chukua' ni ipi?"

Nikafungua mdomo.
Dereva alikuwa akipiga honi nje,
na mitambo yote kumi na sita inanguruma,
nami sikujua.